Mgeni Anapotukaribisha



Jumapili moja ya mwezi wa Juni, matangazo yalipokwisha na watu wameanza kuinuka, mama mmoja mzee wa mtaa wetu hapa Temeke aliomba nafasi ya kusema neno. Padre akamruhusu. Akasema kwa ufupi ya kuwa tarehe 25 ni sikukuu ya Uhuru wa Msumbiji, nchi aliyozaliwa. Ya kuwa kwa miaka mingi amepika siku hiyo kwa ajili ya jamaa zake tu. Na ya kuwa safari hii anatukaribisha sote, ila kila mtu aje na kikombe chake, kwa maana vikombe vyake ni vichache. Akaketi.

Nje, chini ya mwarobaini tunapozoea kusalimiana, maneno yakaanza. Mmoja alisema, "Sikukuu ya nchi ya watu yatuhusu nini? Sisi Sabasaba yetu yaja." Wa pili akasema, "Kama anapapenda kwao hivyo, mbona harudi? Uhuru wao si wamekwisha kuupata?" Wa tatu, mtu mpole, alisema, "Huko Cabo Delgado watu wamekimbia na watoto mgongoni. Hii ni saa ya kufunga na kuomba, si saa ya kupika." Na wa nne, aliyetushangaza kuliko wote, alikuwa mjukuu wake mwenyewe, kijana wa kwaya: "Bibi anatutafutia maneno. Sisi tumezaliwa hapa. Kesho tutaulizwa mambo ya uraia."

Sisi tunaoandika haya tulinyamaza. Hatukusema neno baya, wala hatukusema neno jema. Tulikwenda nyumbani tukijiambia ya kuwa jambo hili si letu. Lakini lilitusumbua juma zima, na ndiyo maana tumeona vema kuliweka mbele yenu, ndugu wasomaji, lipate kupimwa. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu aliyepokewa katika nchi ya watu afanya haki kuiadhimisha sikukuu ya nchi aliyotoka? Na sisi wenyeji tuna wajibu gani anapotualika?

Tuanze na yule aliyesema ya kuwa haituhusu. Huyu hakukosa upendo, alikosa habari. FRELIMO iliundwa hapa hapa Dar es Salaam, tarehe 25 Juni 1962, na Wamsumbiji walipotangaza Uhuru wao mwaka 1975 walifanya hivyo siku ile ile. Kurasini, ndani ya Temeke hii hii, ndipo ilipofunguliwa Taasisi ya Msumbiji mwaka 1963, ambapo vijana waliokimbia utawala wa Mreno walipewa masomo. Tarehe 3 Februari 1969 Dk. Eduardo Mondlane, kiongozi wao wa kwanza, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi alichokifungua katika nyumba moja huko Oyster Bay. Akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Tarehe 7 Aprili 1971 Josina Machel, mama kijana wa miaka 25 aliyekuwa mpiganaji na mlezi wa watoto yatima wa vita, alifariki katika mji huu kwa ugonjwa. Naye akazikwa Kinondoni. Mabaki yao yalihamishwa baadaye kwenda Maputo, lakini siku walizofariki zimewekwa katika kalenda ya taifa lao: 3 Februari ni Siku ya Mashujaa, na 7 Aprili ni Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Basi tazameni. Katika kalenda ya nchi ile mna siku tatu kubwa ambazo haziwezi kusimuliwa bila kuutaja mji wetu. Moja ilizaliwa hapa, na mbili zilizikwa Kinondoni. Tena Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake katika mji huu tangu 1963 hadi 1994. Wenzetu waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka hayo vizuri kuliko sisi. Mtu anayesema sikukuu ile haimhusu ni kama jirani aliyelala matanga nyumba ya pili kwa siku zote, kisha siku ya arobaini akasema hamfahamu marehemu.

Sasa twende kwa yule aliyeuliza mbona harudi. Mama huyu alizaliwa upande wa Msumbiji wa Ziwa Nyasa, na wazazi wake walibatizwa katika misheni ya Anglikana ya Messumba. Vita ya ukombozi ilianza Septemba 1964. Baada ya muda baba yake aliwapakia wote katika mtumbwi usiku, naye akiwa mtoto mdogo, wakafuata ufuko kwenda kaskazini hadi upande wetu. Anasema jambo la kwanza alilolitambua katika nchi ya ugeni lilikuwa Misa. Maneno yalikuwa ya lugha nyingine, lakini alijua ni wakati gani wa kupiga magoti. Hilo halipaswi kutushangaza sisi Waanglikana. Wamisionari wa U.M.C.A. walilihudumia ziwa lile kama bahari ya nyumbani, na meli yao Chauncy Maples, iliyoanza kazi mwaka 1901, haikuwa na habari na mipaka ya Mwingereza, Mjerumani na Mreno.

Alikuja Dar es Salaam akiwa msichana. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975 wengi walirudi kwao kwa furaha. Yeye alikuwa amekwisha kuolewa na kijana wa hapa, mchukuzi wa bandarini, na alikuwa na mtoto mgongoni. Kisha nchi yake ikaingia katika vita nyingine, ya ndugu kwa ndugu, tangu 1977 hadi walipopatana mwaka 1992. Miaka hiyo ilipokwisha, alikuwa na nyumba Temeke, kaburi la mume Temeke, na wajukuu Temeke. Arudi wapi?

Lakini tusijibu kwa huruma tu. Swali lenyewe lina uzito. Laweza kuulizwa hivi: moyo wa mtu waweza kukaa katika nyumba mbili? Hapa desturi zetu wenyewe zatujibu. Mwanamke akiolewa haachi kuwa binti wa baba yake. Kwao kukiwa na harusi, huenda. Kukiwa na msiba, hulia. Hakuna mume mwenye akili anayesema, "Kama unamlilia baba yako, basi hunipendi mimi." Tena mume mwenye busara humshuku yule ambaye hataji kwao kabisa, akajiuliza ni nini kilichomfanya ajifiche. Wazee walisema mkataa kwao ni mtumwa.

Hata hivyo kuna mke wa namna nyingine, nasi twamjua. Huyu kila siku huilinganisha nyumba ya mume na ya baba yake. Maji ya kwao matamu, watu wa kwao waungwana, hapa hakuna lolote. Huyo haikumbuki nyumba ya baba yake. Anaitumia kama fimbo. Ndivyo ilivyo na sikukuu za ugenini. Yaweza kuwa kumbukumbu, na yaweza kuwa fimbo. Inayowadharau waliokupokea imeharibika, hata kama imepambwa kwa bendera. Nayo ikikumbuka mazuri tu ya huko na kuyaficha maovu, si kumbukumbu tena bali hadithi ya kujipendeza.

Maandiko yanashika pande zote mbili. Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli ya kuwa wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani, waoze wana wao, na wauombee amani mji ule, kwa maana amani yao imo katika amani yake. Na watu wale wale walioagizwa hivyo ndio waliolia kando ya mito walipoikumbuka Sayuni. Mungu hakuwaambia wachague moja. Aliyepanda mwembe Temeke na kuuombea mji huu kila Jumapili, naye akapika mara moja kwa mwaka kwa ajili ya Uhuru wa kwao, amezitii sura zote mbili.

Na tujipime kwa kipimo cha Bwana wetu, cha kuwatendea wengine kama tunavyotaka kutendewa. Ni nyumba ngapi za mtaa huu zina mtoto aliye Uingereza, Oman au Marekani? Ifikapo 9 Desemba hukusanyika katika chumba cha mmoja wao, nje baridi kali. Hupika pilau kwa viungo vilivyotumwa kutoka Kariakoo, huimba, hutupigia simu ili tusikie kelele zao. Nasi hufurahi. Twasema, "Watoto wetu hawajatusahau." Je, tungesemaje kama jirani yao angebisha mlango na kuwaambia, "Kama mnapapenda kwenu, rudini"? Tungesema mtu yule ni mkatili. Basi neno lililo la ukatili London haliwi la busara Temeke.

Kijana wa kwaya tulimwelewa zaidi kuliko tulivyomlaumu. Hofu yake si ya uongo. Ni hofu ya mtu anayeona ya kuwa jina la bibi yake, au jinsi anavyotamka neno fulani, laweza kugeuzwa kuwa shtaka. Lakini tuulize: hofu hiyo ameipata wapi? Bibi hakumfundisha. Ameiokota katika maneno ya chini ya mwarobaini, yetu sisi. Kijana akiionea aibu historia ya bibi yake mbele ya Wakristo wenzake, dhambi imeanzia kwa Wakristo wenzake. Si haki tumwachie mtoto mzigo wa kuwa jasiri peke yake.

Limebaki neno la yule mtu mpole, nalo ndilo gumu kuliko yote. Tangu Oktoba 2017, watu wenye silaha walipoushambulia mji wa Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado umeona mauaji, vijiji kuchomwa na watu wengi kuhama. Mkoa huo ndio ulioanza kupigania Uhuru mwaka 1964. Mama wetu anao majirani Wamakonde ambao jamaa zao wamo katika mateso hayo. Je, ni adabu kupika na kuimba?

Tulimpelekea mama swali hilo siku mbili kabla ya sikukuu, tukidhani atakasirika. Hakukasirika. Alikuwa anachambua majani ya kisamvu, wala hakuacha kazi yake. Alisema, "Wanangu, nyumba ikiwa na msiba, mtoto akizaliwa hapewi jina?"

Tumelifikiri sana jibu hilo. Pasaka ya kwanza haikuliwa katika nchi ya ahadi. Ililiwa Misri, usiku, watu wakiwa wamevaa viatu, kilio kikisikika nje, kabla hata hawajatoka. Mungu hakungoja mambo yatengemae ndipo aagize karamu. Aliagiza karamu ili watu wajue wanakwenda wapi. Kama tungeadhimisha siku tu ambazo hakuna anayelia, tusingekuwa na sikukuu hata moja. Lakini karamu ya namna hiyo lazima iwe na mlango wazi kwa wanaolia. Torati ilipowaagiza Waisraeli wafurahi katika sikukuu zao, iliwataja kwa majina wale wasiotakiwa kuachwa nje: mtumwa, mgeni, yatima, na mjane. Furaha iliyowafungia hao mlango haikuhesabiwa kuwa sikukuu ya Bwana.

Basi tulikwenda. Hatukuwa wengi, labda watu ishirini, wakiwamo akina mama wa UMAKI waliokuja na sufuria zao bila kuombwa. Palikuwa na ugali, dagaa, na kisamvu cha karanga na nazi, ambacho huko Maputo hukiita matapa. Mtu mmoja alionja akasema, "Lakini hiki si chakula cha kwetu?" Watu wakacheka, mama naye akacheka. Majirani wa Cabo Delgado walikuja. Mmoja wao hakusema neno mpaka mwisho. Kikapu kilipitishwa kwa ajili ya jamaa zao, na mama ndiye aliyetia wa kwanza.

Kisha akina mama wakamwuliza, "Hebu tueleze, siku hii ni ya nini hasa?" Naye akaeleza: mtumbwi, usiku, baba yake aliyewakataza kukohoa, mdogo wake aliyefariki baada ya kufika. Tukamwona mjukuu wake amesimama mlangoni na jagi la maji mkononi, hamimini. Baadaye alituambia ya kuwa hakuwahi kusikia habari za yule mtoto aliyefariki. Hakuwahi kuuliza. Katika Kitabu cha Kutoka mtoto ndiye anayeuliza maana ya utumishi ule wa Pasaka, na wazazi hujibu. Lakini watoto wengine hawaulizi, kwa aibu au kwa mazoea. Ndipo rafiki kutoka nje inambidi aulize kwa niaba yao. Hii ni kazi moja ya rafiki katika sikukuu ya mwenzake. Mtu aweza kukumbuka peke yake, lakini hawezi kusimulia pasipo mwenye kusikiliza.

Iko kazi nyingine, nayo ndiyo tuliyotaka hasa kuiandika. Tulipokuwa tunanawa mikono tuligundua ya kuwa katika miaka yote hiyo hatukuwahi kula kwa mama huyu. Alikuwa amekula kwetu. Alipokuwa mgonjwa tulimpelekea uji. Mume wake alipofariki tulitoa rambirambi. Tulijihesabu kuwa tumemtendea mema, na kweli tulimtendea. Lakini tulikuwa tumemweka mahali pa kupokea tu, na mtu anayepokea siku zote, hata akipokea kwa wingi, hubaki mgeni. Mtume Paulo aliwakumbusha wazee wa Efeso neno la Bwana ya kuwa kutoa kuna heri kupita kupokea. Kama ni hivyo, sisi tulikuwa tumeichukua heri ile kubwa tukamwachia ndogo, tena tukajisifu.

Tarehe 25 Juni yeye alikuwa mwenyeji. Ua ni wake, siku ni yake, na sisi tuliozaliwa hapa tuliketi kwenye mikeka yake na vikombe vyetu mikononi tukingoja kuandaliwa. Methali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile hatukujua ni nani mgeni na ni nani mwenyeji, lakini aliyepona tulimwona. Wanafunzi wawili wa Emau walimkaribisha mgeni waliyekutana naye njiani, na walipoketi, yule mgeni ndiye aliyetwaa mkate, akaubariki, akaumega, akawapa. Hapo ndipo macho yao yalipofumbuliwa. Walimtambua walipokubali awaandalie.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali tuliloanza nalo ni hili. Mgeni afanya haki kuiadhimisha sikukuu ya kwao, maadamu haitumii kuwadharau waliompokea, hafichi machozi yaliyomo ndani yake, wala hawafungii mlango wenye shida. Na sisi wenyeji wajibu wetu si kumvumilia tu. Kumvumilia ni kumwachia apige ngoma yake nasi tukifunga madirisha. Wajibu wetu ni kwenda tunapoalikwa, kula tunachopewa, kuuliza siku ile ni ya nini, na kukubali kwa siku moja kuwa wageni katika mji wetu wenyewe.

Twajua si kila mtu ataafikiana nasi. Yule mwenzetu wa Sabasaba bado anasema tumetia chumvi. Mtu mpole alikuja, akala kidogo, akaomba sala ndefu kwa ajili ya Cabo Delgado, nasi tukamshukuru, maana pasipo sala ile karamu ingekuwa imepungukiwa. Kijana wa kwaya hajasema lolote juu ya uraia, wala hatujamwuliza. Lakini tarehe 3 Februari iliyofuata alimsindikiza bibi yake hadi makaburi ya Kinondoni. Hakuna mabaki ya shujaa pale sasa. Bibi alitaka tu kusimama mahali pale na kusali. Walitupitia njiani, wakatuuliza kama tuna nafasi ya kwenda nao.

Safari hii hatukunyamaza. Tulichukua mwavuli, kwa maana jua lilikuwa kali, tukaenda.